Mbuzi Niliyempa Nyanya

Juzi nilikuwa mahakamani Lodwar kufuata karatasi zangu za shamba, nikakuta tangazo la mnada ukutani: mbuzi kumi na wawili, meza, redio. Wacha tu, ndugu yangu. Moyo ulinirudisha mbio hadi Kakuma, kwa nyanya, nikiwa msichana wa miaka minane.

Nyanya alikuwa na kibanda cha unga na sukari. Mwaka ule wa ukame alikopesha kila mtu, naye akashindwa kumlipa tajiri wa Lodwar aliyempa bidhaa. Kesi ikaisha, na asubuhi moja dalali wa mahakama akafika na lori, askari na karatasi yenye muhuri. Kibandani hakupata kitu ila harufu ya mafuta ya taa. Akageukia zizi.

"Ejok, mama," alisalimu kwa heshima. "Nionyeshe mbuzi wako. Wa wengine siruhusiwi kugusa."

Kwetu mbuzi wa zizi moja hawana mwenyewe mmoja. Nyanya, ambaye uongo ulimshinda kabisa, akawa anaonyesha kwa fimbo: huyu wa kaka yangu wa Kaikor, yule nilimpa mwanangu alipooa, mweupe yule ni wa mjukuu wangu huyu, alipewa alipoota meno. Dalali akaandika, akafuta, akachoka.

"Kwani mama, wewe mwenyewe huna hata mmoja?"

Askari akacheka. Weh! Kicheko kile kilinichoma. Nyanya yangu, hana kitu? Nikamshika pembe mbuzi wangu mweupe, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyotiwa kwenye chai yetu, nikapaza sauti: "Huyu ni wake! Nimempa!"

"Mutoto, nyamaza!" akapiga kelele jirani yetu, mama Mkongo.

Dalali alikuwa ameshaandika. Nilingoja nyanya akatae, lakini kwetu zawadi iliyotolewa mbele ya watu hairudishwi. Aliniwekea mkono kichwani mpaka lori likaondoka na mbuzi. Nililia hadi kwikwi.

Chai ya jioni ilikuwa ya rangi. Deni lililobaki mjomba alilipa polepole.

Mpaka anafariki, kila mgeni aliambiwa, "Huyu mjukuu wangu alinipa mbuzi mweupe." Habari ya lori hakuitaja hata siku moja. Sasa pale zizini pana nyumba za kupanga, na nyanya hayupo. Hadithi nimebaki nayo mimi. Najaribu kuisimulia kama yeye, jamani, nashindwa. Kila mara dalali anaingia.