Chembe Zisizoonekana

Kisa hiki nakiandika mwenyewe kabla shemeji zangu hawajakifikisha mtaani kwetu Mshangano. Mama mkwe alilazwa hapa Songea, akisubiri dawa mpya niliyomnunulia Dar es Salaam, maana siku hizi soko ni huria na dawa za kila aina zinauzwa. Niliingia wodini na kichupa, nikawahutubia ndugu.

“Humu mna chembe ndogo mno za mafuta. Zinabeba dawa hadi penye ugonjwa. Jicho halizioni.”

“Kweli, shemeji, hatuoni kitu.”

Mke wangu akaingia akihema. “Baba Neema, hayo ni maji ya kuchanganyia! Dawa ni huu unga uliouacha kwenye friji.”

Mama mkwe, ambaye kwa heshima hawezi kucheka mbele ya mkwewe, alijifunika khanga gubigubi. Kitanda kikaanza kutikisika.