Kopo la Shemeji Akeneta

Kwetu Nailoma, mtu ambaye ndugu zake wameacha kumwomba kitu ni mmoja kati ya wawili: maiti au mwizi. Akeneta alikuwa hai. Basi nikamweka kwenye wezi, na sikuona haya kulisema popote palipokuwa na masikio.

Alikuwa mjane wa ndugu yangu Vereniki, aliyemwoa huko Bua, ng'ambo ya maji. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye jicho la kukukagua kama samaki wa jana. Mimi ni Apenisa, nahodha wa mashua ya wagonjwa. Mashua si ya serikali wala si ya kanisa, ni ya chama chetu wenyewe. Mwanamke akishikwa na uchungu, mtoto akibanwa na kifua, ni mashua ile mpaka hospitali ya Savusavu, au ni sala.

Na injini ilikuwa haiishi kufa. Ikifa, tunaitana kwenye mchango wa kava, kinywaji chetu cha mizizi ya kutwanga. Unalipa ili mwenzako anyweshwe bakuli, naye analipa zaidi ili ulinywe wewe, watu wanacheka, midomo inashikwa ganzi, na kapu linajaa. Fiji nzima nionyesheni wanaojua kutoa kama sisi! Shida yetu ilikuwa kesho yake.

Mweka hazina wetu, mzee Waisake, hakuiba hata senti. Aliombwa tu. Huyu ana msiba, yule ana karo, yule mwingine bati lake limepeperushwa na kimbunga. Kwetu ndugu akikuomba ulichonacho, huna mdomo wa kusema hapana, na Waisake alikuwa ndugu wa kisiwa kizima. Fundi alikuwa akifika, hazina imeshageuka sherehe na majeneza, na sisi tunarudi kuanza kunyweshana upya.

Ndipo tukamchagua Akeneta. Tulidhani ni ujanja: mtu wa kuja, hana ndugu wa damu hapa. Siku ya kwanza tu alitutibua.

"Kutoa injini ikifa, kila mtu anaweza," alisema. "Mimi nataka mtoe inaponguruma."

"Tulipie ugonjwa usiokuwepo?" nikamuuliza.

"Kwani wewe, shemeji, magimbi unapanda siku ya njaa?"

Watu walinicheka mpaka nikakosa pa kuangalia. Akaweka utaratibu: kila nyumba ilete kidogo kila mwisho wa mwezi, na kila shamba liwe na mstari mmoja wa kava wa mashua, ukikomaa uuzwe. Tena kiwango kimoja kwa wote, na majina yasisomwe. Hilo ndilo lililotuuma. Mtu anatoa vipi bila jina lake kusikika?

Nyumba isiyotoa, Akeneta alikwenda kukaa kwenye mkeka wao. Hakudai. Alikunywa chai yao tu, kikombe baada ya kikombe, mpaka waone kutoa ni nafuu kuliko sukari. Fedha aliziweka kwenye kopo la biskuti lenye kufuli. Na aliyekwenda kumwomba alijibiwa neno moja.

"Umechelewa, baba. Nimeshazila."

Mwanzo tulicheka. Baadaye tukaanza kutazamana. Maana kila mwezi meli ya Savusavu ikitia nanga alipanda, kikapu kwapani, na akirudi ana mche wa sabuni tu. Sabuni gani hiyo ya kufuatwa ng'ambo? Panapofuka moshi pana moto, nami nikaapa nitauona moto wenyewe. Nikapanda meli ileile, nikamfuata mjini kwa mbali. Aliingia kwenye duka la mashine la Hardeo. Nilipochungulia, amewekewa kiti, ameletewa chai, na Hardeo anacheka mpaka anafuta macho. Mjane, mwenye duka, chai, kicheko. Ningehitaji ushahidi gani tena? Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, na kumwambia mke wangu ni sawa na kupiga kengele ya kanisa.

Ningevumilia, lakini binti yangu Titilia alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka. Uzazi wake wa kwanza tulimzika mtoto kwa sababu injini ilituzimikia katikati ya maji. Na sasa injini ilikuwa inakohoa tena. Nilimwendea Akeneta nikamwambia afungue kopo, tununue nyingine.

"Mwezi ujao," alisema.

"Mtoto hajui mwezi ujao!"

"Mwezi ujao, shemeji." Akarudi kusuka mkeka wake.

Kabla mwezi haujaisha, meli ikamshusha Isoa, kaka yake Akeneta, baba mmoja mama mmoja. Kijana wake anaoa, na habari za kopo zilikuwa zimefika mpaka Bua. Hakuja mikono mitupu. Alileta jino la nyangumi, la manjano kwa mafuta ya miaka mingi, na kamba yake nzuri. Jino hilo likipokelewa, ombi limekubaliwa. Likirudishwa, aliyelileta ametukanwa yeye na makaburi ya kwao.

Nikasema moyoni, leo tutajua. Akimpa kaka yake, Titilia wangu hana injini. Akimnyima, ni kwa sababu ameshampa mwingine.

Kwetu kaka na dada hawasemezani uso kwa uso, ni heshima tangu utotoni. Kwa hiyo Isoa alinitaka mimi niwe mdomo wake. Tukakaa mkekani nyumbani kwa Akeneta, wazee wote wapo, Titilia kaegemea nguzo. Nikalishika jino, nikalieleza ombi vizuri kama alivyoniomba.

Akeneta hakunyoosha mkono.

"Mwambie kaka yangu jino lake silipokei. Kopo ni tupu."

Akalileta, akafungua kufuli, akalipindua mbele yetu. Hakikudondoka kitu.

"Ziko wapi?" Waisake aliuliza.

"Nimewaambia siku zote. Nimezila."

"Mwizi wewe!" nikapasuka. "Titilia atakwenda hospitali na nini? Atapanda kopo?"

Alimtazama Titilia peke yake. "Utakwenda, mwanangu," alisema.

Isoa alilichukua jino, akalifunga kwenye kitambaa chake polepole. "Mwambie," aliniambia, macho yake mlangoni, "mimi sina dada."

Na mdomo wake nilikuwa mimi. Nikalirudia neno hilo lote, huku Akeneta yuko mkono mmoja kutoka kwangu. Aliitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia.

Tulipanga kikao cha kumfukuza baada ya ibada ya Jumapili. Ijumaa meli ikaja. Mabaharia wakateremsha kreti nzito, hata watu wanne walihema, na mmoja akapiga kelele, "Nailoma! Injini yenu hii! Hardeo anasema imeshalipwa yote, na chai ya Akeneta haina deni!"

Nilikaa kwenye mchanga.

Wiki iliyofuata injini ile ilimfikisha Titilia Savusavu bila kukohoa hata mara moja. Mtoto wa kike, analia mpaka nje. Niliporudi nilimkuta Akeneta anamenya magimbi.

"Ulikuwa unamlipa Hardeo kidogo kidogo," nilisema. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wewe ungenyamaza? Kwa mke yule?"

Nikakaa chini kando yake.

"Na mngejua ziko wapi, mngezifuata dukani kuziomba zirudi. Kaka yangu angekuwa wa kwanza. Uliponiomba wewe ilibaki sehemu ya mwisho, shemeji. Moja tu, na yeye alifika nimeshaipeleka, injini haijaja." Aliweka kisu chini. "Mwizi haombwi. Mlivyoniita mwizi, ndivyo kopo lilivyopona."

"Na kaka yako?"

Alichukua gimbi jingine. Aliendelea kumenya, ganda likaondoka na nusu ya gimbi.

Mimi nina jino moja tu la nyangumi, nililiwekea mazishi yangu. Nikalitoa. Tukasafiri mimi na Waisake mpaka Bua, tukapiga magoti kwa Isoa, tukalitoa jino kuomba radhi kwa niaba ya dada yake. Nilimwambia, fedha zilizoliwa tulizila sisi. Dada yako alikuwa anatulinda na midomo yetu. Isoa akalipokea.

Akarudi nasi. Alisimama mlangoni kwa Akeneta, kampa ubavu.

"Mwambie dada yangu nimekuja kula magimbi yake."

Nikalifikisha neno. Akeneta alijifuta uso kwa pindo la nguo.

"Mwambie aketi. Yameiva."

Halafu akanigeukia, macho bado yamelowa, na lile jicho lake la kukagua samaki likarudi mahali pake.

"Na nauli, shemeji? Ya kwenda na kurudi. Mmeitoa wapi?"

"Mfukoni mwangu."

"Geuza mfuko."

Nikaugeuza mbele ya wote. Ulikuwa mtupu kama kopo lake.