Ngolo za Bibi Ukingoni mwa Shimo

Ting. Halafu ting-ting. Halafu chwaaa. Ndivyo changarawe ilivyokuwa ikimomonyoka ukutani na kugonga pipa bovu walilolitelekeza watengeneza barabara chini shimoni. Hadi leo mtu akimwaga mchele kwenye sufuria, shingo yangu inageuka yenyewe.

Walichimba kifusi cha barabara pembeni mwa kahawa yetu, huku milimani Mbinga. Walisema wakimaliza wataulaza ukuta wa shimo uwe mteremko, warudishe udongo mweusi, wapande majani. Walimaliza, wakaondoka na greda lao. Ukuta ukabaki wima kama wa kanisa, na kila masika ukasogea. Mbele ya nyumba shimo, nyuma mlima, mimi na bibi katikati kama kuku kwenye tenga.

Mimi nilikuwa na safari yangu. Shangazi yuko Lituhi, ziwani, ana cherehani mbili, na moja aliniwekea mimi. Nilishachora hadi kibao cha duka, chenye maua. Lakini ningemwachaje bibi pale? Naye habari za kuhama hataki kuzisikia.

"Nenda wewe, mke mwenzangu," alinitania. "Kaolewe na dagaa. Mimi nyumba hii nimeikandika kwa mikono yangu."

"Dagaa hawatoi mahari, bibi."

"Basi kaa, tuchimbe."

Tukachimba ngolo, kama Wamatengo wote. Unalaza majani kwa mraba, unayafukia yawe matuta, katikati panabaki shimo la kudaka mvua. Shambani ndizo zinazouzuia udongo usiende na maji. Tulizipanga safu mbili ukingoni, tukapanda maharage juu ya matuta. Nikajiona nimeshafika Lituhi.

Mvua zikaja, ngolo zikajaa hadi zikang'aa. Siku ya tatu, mchana, tunamenya mihogo, ting. Ting-ting. Kisha ardhi ikakoroma, na choo chetu kikaenda shimoni na mlango wake.

"Afadhali sikuwa na haja," bibi alisema. Tulicheka mpaka machozi. Yangu yakakauka, yake hayakukauka.

Mjomba alikuja. Aliwahi kuendesha greda, anaijua changarawe. Alipiga shikamoo, akachungulia shimoni, akarudi nyuma haraka.

"Mama, mnaunywesha ukuta. Shambani ngolo zina mlima wa kuegemea, hapa hazina kitu. Maji yakizama yanausukuma ukuta nje. Zifukieni, maji yapite pembeni. Vinginevyo masika haya ni zamu ya jiko."

"Ngolo zilishika milima hii wewe hujajua kunawa. Leo greda linifundishe udongo?"

Mjomba akaondoka amenuna. Asubuhi yake bibi akachukua jembe, akaongeza ngolo nyingine, hadi nyuma ya mgomba.

Jumapili nilisema tumbo linaniuma. Bibi alinishika paji la uso, akaniachia uji, akaenda misa. Alipopotea kwenye kona nikatoka na jembe. Nilianza na zile za ukingoni kabisa. Nikavunja tuta, nikafukia shimo, nikavunja lingine. Nikachimba mfereji wa kupeleka maji korongoni, mbali na ukuta. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua. Nililia, halafu nikajikuta naimba, halafu nikalia tena.

Ikabaki moja, iliyo mbali na ukingo, nyuma ya mgomba. Hiyo sikuigusa. Nikaokota miche iliyokuwa bado na mizizi, nikaipanda kwenye matuta yake, nikashindilia udongo kwa vidole.