Pesa ya Kuangalia

Mtaani walimwita Friji, na hakukasirika, maana ndiyo kazi iliyomlea na iliyowalea watoto wake. Chumba chake cha kazi kilijaa mafriji yaliyovuliwa milango. Ukutani, juu ya meza ya kuchomelea mabomba, alitundika kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: KUANGALIA SI BURE.

Kibao hicho kilikuwa na sababu yake. Friji alikuwa mtu wa haya, asiyejua kugombana. Kwa miaka mingi wateja walimwita nyumbani kwao, akapiga magoti nyuma ya friji, akatafuta ugonjwa mpaka akaupata. "Ahsante fundi, tutakupigia." Hawakupiga. Walinunua kifaa wenyewe, wakamtafuta mtu wa bei poa akakifunga. Friji alirudi kwake mikono mitupu, wala hakuwa na mdomo wa kudai. Ndipo kibao kikaanza kudai kwa niaba yake.

Sasa pikapu yake, ile anayobebea mafriji ya watu, ikaanza vituko. Asubuhi inawaka vizuri. Ikishapata moto inazima katikati ya barabara kama mtu aliyekatizwa maneno. Ukiiacha ipoe, inawaka tena, tena kwa madaha.

Akaipeleka kwa Sikio, fundi wa kando ya barabara aliyepewa jina hilo kwa sababu hupima gari kwa kulaza sikio juu ya boneti.

"Plagi hizi," Sikio akasema, amefumba macho. "Nazisikia zinalia."

Plagi zikabadilishwa, gari likazima. Sikio akasikia pampu ya mafuta. Pampu ikabadilishwa, gari likazima mbele ya sokoni, na friji la mteja limesimama nyuma kama abiria. Mara ya tatu Sikio akasikia koili.

"Yule ana nta masikioni," mke wa Friji akasema. "Peleka gari kwa yule dada wa gereji yenye geti la bluu, alipime kwa mashine. Na ufanye haraka. Mama anakuja, lisije likakuzimia naye njiani."

Mama huyo ndiye mama mkwe. Alikuwa anakuja kukaa nao ili atibiwe jicho, na Friji mwenyewe ndiye aliyejitolea kumpeleka na kumrudisha. Mbele ya mama mkwe, Friji hata chafya alikuwa haipigi kwa sauti.

Dada wa gereji alikuwa mwembamba, ovaroli limempwaya, kitambaa cha kufutia mikono kimening'inia mfukoni. Alisoma maandishi ya mlangoni mwa pikapu, FUNDI FRIJI na namba ya simu, akatabasamu.

"Karibu, fundi mwenzangu. Kupima kuna ada yake. Ila ukitengenezea hapa, ada naitoa kwenye bili."

Friji alipoisikia ada, akapapasa mfuko. Plagi, pampu na koili vilikuwa vimeshamkamua.

"Nitatengenezea hapa hapa," akasema.

Dada akachomeka mashine chini ya usukani. Mashine ikasema gari ni zima.

"Mashine inadanganywa," akasema. "Gari limepoa. Twende tukalichoshe."

Wakapanda kilima na kushuka, wakapanda na kushuka, Friji anaendesha, dada amepakata mashine kama mtoto mchanga. Gari lilipozima, akaruka kwenye kiti. "Umeona? Injini bado inazunguka, lakini hesabu ya mizunguko imesimama!" Akaingia chini ya gari na chupa ya maji, akakimwagia kidude kimoja kidogo kama kidole gumba. Gari likawaka papo hapo. Kazi ya kidude hicho ilikuwa kuihesabia injini mizunguko yake, nacho kikipata joto kilipoteza fahamu. Waliporudi gereji jua lilikuwa limeshapita utosini, na yule dada alikuwa hajapata hata chai.

Akamtajia bei ya kidude na bei ya kukifunga. Friji akaitikia kwa kichwa. Halafu akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema:

"Tatizo, mama mkwe wangu amelazwa. Nikamwone mara moja, nitarudi."

"Jamani! Kimbia, fundi. Matengenezo yatasubiri. Ada tutamalizana ukirudi."

Akakimwagia kidude maji mengine ili gari lisimzimie njiani, akamfungulia geti kwa mikono yake.

Friji alikwenda moja kwa moja dukani, akanunua kidude, akampelekea Sikio.

"Hicho hicho!" Sikio akasema. "Kilikuwa kwenye ncha ya ulimi!"

Gari likapona. Friji ndiye aliyebaki mgonjwa. Alianza kupita barabara ya nyuma ili asilione lile geti la bluu. Kazini aliihamisha meza yake, akawa anachomelea mabomba akiwa amekipa kibao mgongo. Mteja mmoja alipomuuliza pesa ya kuangalia ni kiasi gani, akajikuta anasema, "Acha tu leo."

Mama mkwe akaja. Siku ya kwanza ya matibabu walikuwa wanarudi nyumbani, mama jicho moja limefungwa bandeji, pikapu inanguruma bila kukosea, simu ikalia. Simu ya Friji ilikuwa imekufa sikio, ilisikika kwa spika tu. Namba hakuijua. Akasogea pembeni, akasimama, akapokea akidhani ni mteja.

"Fundi, ni mimi wa gereji. Mama mkwe anaendeleaje? Bado amelazwa?"

Kwa mara ya kwanza Friji aliomba gari lizime.

"Nimekupigia kwa sababu friji letu la soda halipoozi, nikakumbuka niliiandika namba yako. Na kidude chako nimeshakununulia, kipo. Usiwe na wasiwasi, muuguze kwanza mama."

"Na... nakuja," Friji akasema, akakata simu.

Mama mkwe alikuwa anatazama mbele kwa jicho lake moja.

"Una mama mkwe mwingine, baba?"

"Hapana, mama."

"Basi niliyelazwa ni mimi. Naumwa nini?"

"Ugonjwa sikuutaja, mama."

"Hata ugonjwa hukunichagulia!"

Friji akamweleza yote, macho kwenye usukani. Mama hakumkemea. Bora angemkemea.

"Geuza gari," akasema.

Dada wa gereji aliwapokea getini. Alipoona bandeji, akashika kifua. "Pole sana, mama! Kumbe ni jicho? Wamekuruhusu leo?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Bandeji ile ilitosha kumsafisha Friji mbele ya mtu yeyote. Alimtazama mama mkwe, naye akageuka, akaanza kutazama matairi yaliyopangwa ukutani, kana kwamba amekuja kununua moja.

"Hakulazwa," Friji akasema. "Siku ile hakuwa amefika hata mjini. Nilikimbia ada. Kidude nilikifungisha kwingine."

Dada akafuta mikono ambayo haikuwa na mafuta. Akafuta kidole kimoja kimoja.

"Nilikinunua kwa pesa yangu, fundi."

"Nitakilipia. Na ada."

Akalipa vyote, na mfuko ukabaki mtupu. Dada alipokea bila hasira na bila ahsante, akampa kiboksi cha kidude, kisha akanyoosha mkono. "Friji ni lile. Kuangalia ni bei gani?"

"Bure."

"Sikuomba bure. Nimekuuliza bei."

Friji akaitaja kwa sauti ambayo labda friji peke yake ndilo lililoisikia. Lakini dada alisikia. Akaziweka noti juu ya friji, akarudi kwenye gari alilokuwa analitengeneza.

Friji akamkabidhi mama mkwe kiboksi, akapiga magoti. Ulikuwa ugonjwa mdogo: vumbi la gereji limeziba wavu wa nyuma. Alilitoa kwa brashi, taratibu kuliko ilivyohitajika, maana akiwa huko nyuma hakuna aliyeuona uso wake. Friji lilipoanza kupooza aliaga, akaitikiwa "haya" kutoka chini ya gari. Noti alizichukua. Kuziacha pale kungekuwa kumtukana yule dada mara ya pili.

Ndani ya pikapu alimkuta mama mkwe amepakata kile kiboksi, amekisogeza karibu na jicho zima. Juu yake dada alikuwa ameandika kwa kalamu nene: *Fundi Friji. Asisumbuliwe, anauguza.*

Mama alikisoma, akakiweka juu ya dashibodi, maandishi yamemwelekea dereva.

"Washa," akasema. "Na uende pole pole. Umebeba mgonjwa."