Mwito wa Tatu

"Ameniua tena," Haifa akaniambia hata sijavua viatu. "Jana usiku kaniulia jikoni, leo alfajiri natoka bafuni na taulo kichwani, kaniua. Kaka, Hounslow nzima hakuna mwanamke aliyekufa mara nyingi kama mimi, na bado napika."

Mumewe, Msabaha, alikuwa kochini, jaketi lake la kazi la Heathrow magotini, anangoja saa ya shifti ya jioni. Mezani, kando ya sahani ya mahamri, palikuwa na bastola ya plastiki, buluu kama ndoo ya kuogea. Akasema yeye hajaua mtu, yuko mazoezini, na kwamba mtu akiulizwa ni nani ndani ya nyumba yake mwenyewe, aseme ni nani, yaishe.

Mimi ndiye kaka mtu. Kwetu ugomvi wa mke na mume huletewa kaka wa mke, naye hupewa chai kwanza, ya moto sana, asiwahi kuropoka. Nikakaa nikapuliza chai yangu.

Msabaha mwenyewe mngemjua mngecheka. Ni mtu wa kupakia mizigo ya ndege, mabega kama kabati, lakini panya alipoingia jikoni mwao aliwacha mlango wazi na kumwambia karibu utoke. Mtoto wao Mahir yuko chuo, nyumba imebaki na wawili, na kila senti ya Msabaha imeishia Malindi, kwenye nyumba aliyomjengea mamake. Desemba anataka warudi wakaishi humo. Keshaulizia leseni ya bastola huko. Na ndiyo maana akatafuta mwalimu.

Mwalimu anaitwa Ryan, mwanajeshi mstaafu, anafundishia kwenye ukumbi nyuma ya maduka ya Rayners Lane. Hapa London ukikutwa na bastola ya kweli nyumbani unakwenda jela moja kwa moja, kwa hiyo kila kitu pale ni plastiki. Wanafunzi wake ni watu wanaohamia nchi ambazo sheria inaruhusu. Msabaha aliniomba nimsindikize siku moja, nami nikaenda kwa ajili ya kupata cha kumsimangia.

Nilitegemea sinema, wazee wenye vitambi wakibingirika sakafuni. Nikakuta watu wanafundishwa kukaa. Ryan alisema hakuna kuzunguka nyumba kumsaka mwizi, huko ndiko watu wanakofia. Kusanya watu wako chumba kimoja, funga mlango, jibanze nyuma ya kitanda, piga simu polisi, ngoja. Kidole kikae nje ya triga mpaka ujue unampiga nani. Na kabla ya yote, tochi na sauti. Uliza ni nani. Kila mtu wa nyumba yako awe amezoeshwa kujibu jina lake papo hapo, maana wengi wanaopigwa risasi majumbani si wezi, ni watu wa mle mle.

Msabaha alikuwa hodari, nakiri. Mpaka ilipofika zamu yake kuigiza mtu wa nyumbani anayepita gizani. Ryan akazima taa, akauliza, "Nani?" Kimya. Akamwita kwa jina. Kimya. Taa ilipowashwa, Msabaha alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, midomo imebanwa, jasho linamtiririka. Ryan akashusha plastiki yake, akamwambia kwa upole kwamba ameshakufa. Wengine wakacheka, na Msabaha akacheka nao.

Wakati wa kurudi, tuliposhuka Acton Town kubadilisha treni, ndipo akaanza, anatazama reli.

Mnajua tulivyolelewa. Mtoto wa pwani anaonywa mapema kwamba akiitwa jina usiku asiitike, huenda anayeita si mtu. Asubiri. Binadamu ataita mara ya tatu. Jini hana subira hiyo, anaishia mbili. Msabaha aliyafundishwa hayo na mamake, tena kwa kofi, maana alikuwa mtoto wa kuitikia kila kitu.

Mwaka juzi alikwenda kumtazama mamake, akalala chumba cha mbele. Akasikia, "Msabaha." Alikuwa macho, shuka mpaka kidevuni. Akasikia tena, "Msabaha, mwanangu." Akasubiri mwito wa tatu, kama alivyofundishwa. Wa tatu haukuja. Wezi walikuwa wamevunja mlango wa jikoni, wakamkuta mamake koridoni, wakamsukuma akapiga kichwa ukutani. Asubuhi alikuwa maiti, na televisheni imekwenda.

Mimi nilidhani nayajua mambo ya shemeji yangu. Treni ikaja, tukaiacha ikaenda.

Tangu hapo anaitwa na sauti ile ile. Nyumba yao iko chini ya njia ya ndege, mchana kutwa vikombe vinatetemeka kabatini, na hapo yuko salama. Zikinyamaza ndege, anasema Haifa, mpaka friji unaisikia inavyopumua, mwanamume anakaa kitako kitandani, mkono kwenye plastiki, anafungua mdomo kama anayetaka kuitika, halafu anaufumba. Mara mbili. Kila mara ni mbili tu.

Sasa Haifa naye amelelewa na nani? Na mama yetu, naye wa Malindi. Msabaha akiita koridoni taa zimezimwa, ulimi wake unagoma. Amejaribu, masikini. Anasimama pale akijua ni mumewe, akijua ni mazoezi, na sauti haitoki. Ndivyo anavyokufa.

Nikamaliza chai, nikatoa busara zangu: wafuge mbwa, wafunge kengele. Haifa akauliza kwa nini asiite mara tatu, kwani anawahi wapi. Msabaha akasema mwizi hangoji hesabu za watu wa pwani. Haifa akasema basi Malindi hendi. Aende yeye na bastola yake, wapikiane.

Nilitaka kucheka. Haifa akaniwahi, akavuta kiti mpaka mbele ya mumewe.

"Baba Mahir, nikuulize jambo moja, sikuulizi tena. Usiku ule ungekuwa na bastola ya kweli. Mama anakuja chumbani kwako, koridoni giza. Umemuuliza ni nani, hakuitika, maana yeye ndiye aliyekufundisha usiitike. Ungemfanya nini?"

Ndege ilikuwa inapita. Msabaha akavaa jaketi, akafunga zipu mpaka juu, akachukua hamri moja, akalirudisha sahanini. Plastiki akaiacha pale pale. Akatoka.

"Msabaha," Haifa akaita, kwa jina, jambo ambalo sijamsikia akilifanya tangu waoane. Hatua zikaendelea kushuka ngazi.

"Msabaha."

Hatua zikasimama. Mchana kweupe, na mtu mzima amesimama kwenye ngazi anangoja. Haifa akavuta pumzi, na ndege nyingine ikaja juu ya paa, kubwa kuliko ile ya kwanza. Midomo yake niliiona ikitembea. Kelele zilipokwisha, tulisikia mlango wa chini ukijifunga.