Jogoo Aliyekataliwa Getini

Mimi nina hasira za karibu, hilo nalikiri mapema ili nisije nikamsingizia mtu. Safari yenyewe ilikuwa ya watoto. Binti yetu wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka minne walikuwa wametusumbua mwaka mzima na habari za tembo. Hawa ni watoto ambao konokono akiingia bafuni, nyumba nzima haiogi mpaka atoke kwa hiari yake. Basi likizo ilipofika tukafunga mlango wetu pale Soweto, Mbeya, tukaingia kwenye gari la mume wangu, hao, Iringa, twende tukaone hifadhi.

Kosa la kwanza lilikuwa kupitia Ubaruku kumsalimia shangazi wa mume wangu. Kwa mama yule hutoki mikono mitupu. Tukapakiwa mchele, tukashukuru, nikadhani tumemaliza. Mara namwona anatokea nyuma ya nyumba na jogoo mwekundu, kafungwa miguu kwa kitambaa, anamkabidhi binti yangu.

"Wajukuu zangu, huyu wa kwenu."

Shangazi alikuwa anatoa kitoweo. Binti yangu alipokea rafiki. Na mimi ningesema nini? Kuku wa shangazi wa mume harudishwi. Ukimrudisha, maneno yake utayakuta kwenye kila msiba na kila harusi ya ukoo mpaka uzeeke.

Tulipofika Nyololo baridi ilikuwa inauma masikio. Nageuka nyuma, mwanangu yuko na fulana tu, sweta lake kavalishwa jogoo. Tena alikwishapewa jina, jina la kaka yangu mkubwa, eti wanatembea sawasawa. Mume wangu alicheka mpaka akasimamisha gari pembeni. Mimi sikucheka, ingawa kweli wanatembea sawasawa.

Iringa tulilala nyumba ya wageni, jogoo akalala bafuni. Asubuhi tukashika njia ya vumbi, mwendo wa saa tatu nzima, mpaka kwenye geti la hifadhi. Askari akachungulia dirishani, akawatabasamia watoto, kisha tabasamu likakatika.

"Mama, huyo ni jogoo?"

"Ni jogoo."

"Mnyama wa kufugwa haingii humu. Anaweza kuleta magonjwa."

"Afande, huyu naye ni mtalii tu," mume wangu akajaribu.

"Basi atatalii nje."

Weee, kilio kilichotoka kiti cha nyuma! Binti akasema kama jogoo haingii na yeye haingii, mdogo wake akamwunga mkono kwa kugaragara. Ikabidi turudi kijiji cha mwisho tulichokipita. Pale palikuwa na mama ntilie, mwanamke mpole mwenye msalaba mdogo shingoni, anapika chini ya paa la bati. Akakubali kutushikia jogoo mpaka jioni. Binti akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Kaa naye vizuri. Nitarudi."

Wenzangu wakatangulia garini. Mimi nikabaki nyuma, hasira zimenifika hapa, vumbi limenijaa mpaka kwenye meno. Nikamwambia mama ntilie kwa sauti ya chini, "Dada, huyu mpike tu. Muunge vizuri, tutamla tukirudi. Watoto nitawaambia katoroka." Yule mama akanitazama, akautazama ushungi wangu, akasema, "Haya, mama."

Tembo tuliwaona. Kundi zima, mtoni, watoto wao wanateleza kwenye matope, na wangu wanapiga kelele za furaha mpaka nikasahau vumbi. Kisha nikamwona binti kafumba macho.

"Umechoka?"

"Nawaweka kichwani, nimsimulie jogoo vizuri." Akafumbua jicho moja. "Mama, asante kwa kumtafutia mtu wa kumshika. Mimi nilidhani utamtupa."

Jamani. Nilitamani ardhi inimeze. Nikatoa simu, mtandao hakuna, na hata ungekuwepo, namba ya mama ntilie ningeitoa wapi? Tuliposimama penye vyoo nikamvuta mume wangu pembeni.

"Turudi."

"Simba hatujamwona bado!"

"Baba, turudi nimesema." Nikamweleza nilichofanya. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliwasha gari tu. Simba mpaka leo hatujamwona.

Tunashuka pale kwa mama ntilie, harufu ya vitunguu na nyanya vinakaangwa imetanda. Binti akakimbia mbele, akainama chini ya meza, na pale chini palikuwa na jogoo mzima, kafungwa mguu, anapekua mchanga. Alhamdulillahi! Kabla sijapata hata nafasi ya kumkonyeza, mama ntilie akatoka na kisu, mpini mbele, anampa mume wangu.

"Baba karibu. Mama alisema nimpike, mchuzi tayari, maji ya kumnyonyoa yanachemka. Lakini mimi ni Mlutheri, nikachinja mimi ninyi Waislamu hamli. Anayetuchinjia hapa kaenda mnadani. Nikaona nisubiri uchinje mwenyewe."

Mimi, niliyekulia kwenye nyumba ambayo kuku haingii chunguni kabla haijaulizwa nani kachinja, nilikuwa nimesahau. Hasira zilinisahaulisha dini, mwenzangu akanikumbukia.

Binti alikuwa ameinuka, jogoo kifuani.

"Mama, ulisema apikwe?"

Ningeweza kusema dada amenielewa vibaya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Nilisema. Nilikuwa na hasira. Nisamehe, mwanangu."

Hakulia, na mimi nilitamani alie. Tulikula wali na mchuzi mtupu, tukaondoka. Njia nzima alimsimulia jogoo habari za tembo, mmoja baada ya mwingine, na mimi sikusemeshwa neno.

Nyumbani jogoo akapewa uwanja wote wa nyuma. Shule zikafunguliwa. Kila asubuhi, begi mgongoni, binti alimbeba jogoo na kumpeleka kwa bibi jirani yetu. Nilikuwa namsikia nikiwa nimeshika ufagio: "Bibi, kaa naye vizuri. Nitarudi." Mume wangu alinitania kwamba nimefukuzwa kazi. Nilicheka naye, halafu nikaingia jikoni nikafuta machozi kwa kanga.

Ilikwenda hivyo wiki baada ya wiki. Asubuhi moja, bibi yuko kibarazani kama kawaida, binti akasimama katikati ya njia. Akageuka, akarudi, akanitazama juu mpaka chini, kisha akaniwekea jogoo mikononi.

"Kaa naye vizuri, mama. Nitarudi."

Sokoni sikwenda siku hiyo. Alipotoka shule alitukuta uani, mimi juu ya kigoda, jogoo mapajani pangu ndani ya sweta.