Amejifungia Stoo

Mimi ni wifi yake, na najua mawifi tunavyosemwa, kwa hiyo mtu asije akadhani nampamba. Mke wa kaka yangu ana watoto watatu na vitabu viwili. Wanaomuuliza "unawezaje vyote?" wananikera mpaka leo. Kaka yangu ni dereva wa lori, ana watoto walewale watatu, na sijamsikia mtu hata mmoja akimuuliza yeye anawezaje.

Kitabu cha pili nusura kisitoke. Mhariri alishakirudisha mara mbili, na safari hii alimpa siku ya mwisho: Ijumaa saa kumi jioni sura zote ziwe zimemfikia, la sivyo nafasi yake apewe mwingine.

Wifi alikuwa akiandikia stoo, na si kwamba alipapenda. Kompyuta yake ilikuwa ya mtumba, betri imekufa, na tundu pekee la umeme ambalo mtoto wa miaka miwili hawezi kulichokonoa lilikuwa humo, kati ya ndoo na feni mbovu. Alikalia kreti la soda, kompyuta akaiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Kaka alimwekea komeo kwa ndani kabla hajasafiri, maana mlango ukiwa wazi kila mtu ana lake: kijiko kiko wapi, kiatu kiko wapi, mama nikuambie kitu. Basi kila siku saa nane hadi saa kumi alijifungia. Mdogo analala, mkubwa yuko shule, na fundi cherehani wa nyumba ya pili anaacha mlango wake wazi, sikio liko kwa watoto.

Komeo hilo lilimkwama mama yangu kooni. Mama ni mkunga mstaafu. Saa ya wodini bado anaivaa, na dakika aliyozaliwa kila mtu katika ukoo anayo kichwani. Mimi nilizaliwa saa moja kasoro dakika nane asubuhi, na nikichelewa popote hukumbushwa kwamba hapo zamani nilikuwa nawahi.

"Mama wa watoto hajifungii," alimwambia wifi. "Mtoto akitaka maziwa apige hodi?"

"Ndiyo, mama, apige hodi. Ni adabu."

Mama akaapa komeo litang'oka, kaka awepo asiwepo.

Ijumaa yenyewe, saa nane na nusu, Mama akampigia wifi simu. Nilikuwa nimekaa naye, spika iko wazi. Aliyepokea ni mtoto wa kati, miaka sita, tunamwita Kasuku kwa sababu hurudia kila anachoambiwa, isipokuwa siku hizo meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na maneno yanapita yanavyotaka.

"Mama yako yuko wapi?"

"Amejifungua."

Mama alikaa wima. "Amejifungua? Wapi?"

"Stoo."

"Yuko na nani?"

"Peke yake. Amesema asisumbuliwe, bado moja."

Bado sura moja, ndiyo maana yake. Lakini Mama hakuwa na muda wa kumsahihisha mtoto ngeli. "Pacha," akasema, na tayari alikuwa ameshika mkoba wake wa kazi. Ndani ya teksi alinigombeza njia nzima. Yale magauni mapana ya wifi nilidhani ni ya nini? Mkwe wa mkunga azalie kati ya ndoo, mimi wifi mtu nina macho ya kutazamia nini? Hata mimi niliamini.

Tulifika saa tisa na dakika kumi. Fundi cherehani alipotusikia akaja mbio na shuka safi na mkasi. Mama akagonga mlango wa stoo.

"Fungua, mwanangu. Usisukume."

Vibonye vya kompyuta vikasimama. "Nisisukume nini?"

"Mtoto amefikia wapi?"

"Mtoto gani, mama? Mimi niko ukurasa wa mia mbili na kumi."

Fundi cherehani alicheka mpaka akakalia shuka lake. Mama hakucheka. Aliona aibu, na aibu ya Mama hugeuka hasira papo hapo. Mlango ule hufungukia nje, bawaba zake ziko upande wetu. Akamwomba fundi bisibisi ya cherehani, akanipa mimi.

"Ng'oa."

Nina miaka arobaini na moja na sikuwahi kumkatalia mama yangu jambo. Niliiangalia ile bisibisi. Nikawaza juu ya miaka mitatu ya kazi iliyokuwa nyuma ya ule mlango, na dakika hamsini zilizobaki.

"Sing'oi, Mama."

Kabla hajanigeukia, wifi akasema kutoka ndani, bila kupaza sauti. "Mama, umezalisha wanawake wangapi?"

"Nani anahesabu?"

"Katika wote hao, yupo uliyemwambia asimame kwanza, akamtafutie mtu kiatu, ndipo arudi amalizie?"

Vibonye vya kompyuta vikaanza tena, haraka haraka. Mama akaweka mkoba chini, akavuta kigoda, akakaa ameupa mlango mgongo. Mdogo aliamka analia, akaja moja kwa moja kuelekea stoo; Mama akamdaka njiani na kumpakata. Fundi akataka kuchungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Rudi nyuma," Mama akamwambia, kwa ile sauti ya wodini. "Hajamaliza."

Mimi nilitaka kulia, sitaficha.

Komeo likakwaruza. Wifi akatoka, jasho linamtiririka, nywele zimesimama upande mmoja, akatuangalia sote bila kuomba radhi.

"Imekwenda," akasema.

Mama alimshika kipaji cha uso, kama anavyomshika kila mzazi. Kisha akakunja mkono akatazama saa yake.

"Saa tisa na dakika hamsini na mbili," akasema, akanigeukia mimi. "Andika."